Kutoka Kampuni ya Tarakilishi Hadi Shirika Lisilo la Faida

Mwaka huu mwalimu mlezi wetu alitugawia mada za kazi na ajira. Kuna aliyepata ualimu, kuna aliyepata uuguzi, na rafiki yangu wa dawati akapata biashara ya mifugo, akafurahi kwa sababu baba yake ni dalali. Mimi niliokota karatasi iliyoandikwa: "Mtu anayeacha kazi ya teknolojia na kwenda kufanya kazi katika shirika lisilo la faida." Darasa zima lilicheka, maana wanazijua habari za kwetu nyumbani. Na nyinyi mtazijua, lakini kwanza somo.

Tuanze na maneno yenyewe

Vitabu vyetu vya shule vinasema tarakilishi. Ukienda Tanzania watakuambia kompyuta, na kuna waliowahi kupendekeza ngamizi. Mwalimu alitufafanulia kwamba ndani ya neno tarakilishi mna tarakimu na mna akili, yaani ni mashine inayotumia akili yake kwa tarakimu. Mimi nitatumia tarakilishi kwa sababu ndiyo inayotuletea maksi, ingawa hapa mjini Isiolo sijawahi kumsikia mtu akiingia dukani na kusema, "Nichapie barua kwa tarakilishi." Na ukitamka neno rununu pale soko la mifugo watakuuliza kama ni dawa ya mbuzi. Simu ni simu.

Neno linalowachanganya watu zaidi ni hilo la shirika lisilo la faida. Wengi hudhani maana yake ni shirika lisilo na pesa, ama mahali ambapo watu hufanya kazi bure. Sivyo. Shirika kama hilo laweza kuwa na ofisi, magari, wahasibu na wafanyakazi wa mshahara. Hapa mjini tunayaona magari meupe yakipita kila siku kuelekea Garba Tulla na Merti. Tofauti iko hapa: kampuni ina wenyewe, na kinachobaki baada ya gharama zote ni chao kugawana. Shirika lisilo la faida halina mtu wa kugawiwa. Kinachobaki hurudi katika kazi iliyoandikwa kwenye katiba ya shirika, kama ni maji ni maji, kama ni vitabu ni vitabu. Tena, kwa kuwa anayehudumiwa mara nyingi hana pesa ya kulipa, anayelipa ni mtu mwingine kabisa, yaani mfadhili. Liweke jambo hili akilini, ndugu msomaji, kwani ndilo litakalotusumbua huko mbele.

Hapa Kenya mashirika haya yalikuwa chini ya sheria ya mwaka wa 1990. Sheria mpya, ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ilitiwa sahihi mwaka wa 2013, lakini ilikaa tu kabatini hadi tarehe 14 Mei 2024 ndipo ikaanza kutumika. Miaka kumi na moja! Ilipotiwa sahihi mimi sikuwa nimeanza hata nasari.

Halafu kuna kitenzi kujitolea. Hebu tukikate: toa, tolea, jitolea. Kile kiambishi -ji- kinamrudishia mtenda tendo lake, kwa hivyo anayejitolea hatoi kitu, anajitoa yeye mwenyewe. Mtaalamu wa tarakilishi anaweza kujitolea wiki mbili za likizo yake kisha akarudi kazini. Huyo hajahama. Kuhama ni pale anapoandika barua ya kuacha kazi, na watu wa kwao wakaisoma.

Neno letu lililofika Haiti

Mfano mzuri kuliko yote niliyoipata umetoka papa hapa Kenya, na una jina la Kiswahili: Ushahidi.

Uchaguzi mkuu ulifanywa tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 nchi ikawaka moto. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na malaki wakahama makwao. Sisi wa kidato cha tatu tulikuwa hatujazaliwa, lakini wazazi wetu wakianza kuizungumzia siku hiyo sauti huwa inashuka. Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na runinga, kwa hivyo mtu wa mtaa mmoja hakujua mtaa wa pili kumetokea nini.

Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa ameanzisha tovuti ya Mzalendo mwaka wa 2006 pamoja na Conrad Akunga ili kufuatilia kazi ya wabunge, aliandika kwenye ukurasa wake mtandaoni tarehe 3 Januari 2008. Aliuliza kama kuna mafundi wa tarakilishi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ambapo ghasia zinatokea. Yeye hakuwa mwandishi wa programu. Walioitikia walikuwa ni wenye ufundi huo. David Kobia alikuwa Mkenya mwandishi wa programu aliyeishi Alabama, Marekani. Erik Hersman alikuwa Mmarekani aliyekulia Sudan na Kenya. Juliana Rotich alikuwa Mkenya aliyesomea sayansi ya tarakilishi huko Kansas City. Kwa siku chache tu tovuti ikawa tayari. Mwananchi alituma arafa au barua pepe kueleza alichokiona, habari ikakaguliwa, kisha alama ikawekwa kwenye ramani.

Kuhusu Kobia kuna jambo ambalo sitaliruka. Kabla ya hapo alikuwa na baraza lake la mtandaoni, Mashada, ambapo Wakenya wa kila mahali walikutana kuzungumza. Ghasia zilipoanza, matusi ya makabila yakajaa humo. Akalifunga. Kisha akafungua ukurasa mwingine wa watu kusema kwamba hawana kabila. Fikiria mtu amejenga kitu miaka mingi, wageni wamejaa sebuleni, halafu anazima taa mwenyewe kwa sababu ya wanayoyasema.

Sasa tuangalie lugha. Shahidi ni mtu aliyeona, ngeli ya A-WA. Ukimpa kiambishi u- unapata ushahidi, kile anachokisema aliyeona. Wana ndugu zao: kushuhudia, ushuhuda, na hata shahada tunayoitamka msikitini, mzizi ni ule ule wa Kiarabu. Waanzilishi wangeweza kutafuta jina la Kizungu la kupendeza wafadhili. Hawakufanya hivyo. Wakaiacha programu yao iwe huria, yaani mtu yeyote duniani aweze kuichukua na kuitumia bila kulipa. Ndiyo sababu tetemeko la ardhi lilipoikumba Haiti tarehe 12 Januari 2010, Patrick Meier na wanafunzi wenzake wa Chuo Kikuu cha Tufts waliweza kufungua ramani ya Ushahidi kwa ajili ya nchi ile mara moja. Watu wa Haiti walituma arafa kwa nambari 4636 kwa lugha yao ya Krioli, Wahaiti walioko ng'ambo wakazitafsiri, na wengine wakazipachika kwenye ramani. Neno la Kiswahili likawa linafanya kazi mahali ambapo hakuna anayesema Kiswahili! Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, Wakenya walipoipigia kura katiba mpya, mfumo ule ulitumika tena kwa jina la Uchaguzi.

Walioanza kwa kujitolea usiku baada ya kazi wakajikuta wana shirika lenye wafadhili na wafanyakazi. Rotich akawa mkurugenzi mtendaji, na mwaka wa 2019 alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya Ujerumani. Lakini angalieni kilichompata Okolloh: mwaka wa 2011 alikuwa ameshaingia Google. Alikwenda upande wa pili! Na mwaka wa 2013, kutoka ndani ya Ushahidi kulizaliwa kampuni iitwayo BRCK, ya kuuza kifaa cha intaneti kinachovumilia umeme unaopotea potea. Nilipokuwa naanza kuandika makala haya nilidhani kuhama ni safari ya kwenda tu, kama ng'ombe wa kuuzwa Nairobi. Kumbe watu wanakwenda na kurudi.

Nje ya nchi yetu wako wengine. Patrick Awuah wa Ghana aliacha kazi ya uhandisi Microsoft mwaka wa 1997, na mwaka wa 2002 akafungua chuo cha Ashesi huko kwao kikiwa na wanafunzi 30 tu. John Wood naye aliiacha Microsoft mwaka wa 1999 baada ya kuona shule zisizo na vitabu huko Nepal, akaanzisha Room to Read, ambayo imefika hadi Tanzania. Nawaheshimu wote wawili. Ila kwa maoni yangu hawatufundishi yote, kwani walitoka katika kampuni tajiri mno. Sidhani kama walirudi nyumbani wakakuta mtu anahesabu sarafu za sukari.

Sasa niwaambie ya kwetu

Mama yangu anauza maziwa ya ngamia. Alfajiri anapokea mitungi kutoka kwa wachungaji, anaonja, anachuja, anaipakia kwenye basi la Nairobi, na kabla ya jioni maziwa yamefika Eastleigh. Dada yangu ni kifungua mimba na mimi ni kitinda mimba. Alisoma mambo ya tarakilishi Nairobi, akafanya kazi miaka minne katika kampuni moja ya mikopo ya simu. Siitaji. Kazi yake ilikuwa kuandika ile sehemu ya programu inayotuma ujumbe kwa watu waliochelewa kulipa. Ilikuwa kazi halali. Mshahara wake ndio ulionunua friza ya maziwa ya Mama, na ndio ulionilipia karo ya kidato cha kwanza katika shule ya bweni, zaidi ya shilingi 40,000 kwa mwaka.

Siku moja, akijaribu ujumbe mpya, aliona kwenye orodha ya wadaiwa nambari anayoijua kwa moyo. Ilikuwa ya mama jirani yetu, mwenzake Mama katika biashara ya maziwa. Deni lilikuwa shilingi 3,000. Sisi huku tulikuwa tumeshangaa kwa nini yule mama ameacha kuja kituo cha basi. Alikuwa anaogopa simu yake mwenyewe. Dada alipokuja likizo na kuambiwa habari hiyo hakusema mengi. Alisema tu, "Ile sentensi niliiandika mimi."

Katikati ya mwaka wa 2024 akaandika barua ya kuacha kazi, akarudi Isiolo, akaajiriwa na shirika linaloshughulikia maji. Mshahara haukufika nusu ya ule wa kwanza. Mama alimuuliza, "Mwanangu, umesoma Nairobi ili urudi kuhesabu visima?" Majirani nao waligawanyika. Kuna waliosema amepata pesa za wazungu, na kuna waliosema amefukuzwa kazi anaficha. Na mimi, Januari 2025, nikatolewa bweni nikaja shule hii ya kutwa. Sitawadanganya ati nilielewa. Nilimnunia dada yangu mwezi mzima, nikawa namjibu kwa "ndiyo" na "hapana" kama shahidi mahakamani.

Lakini nilianza kumwona akifanya kazi, na hapa ndipo penye somo lenyewe. Majuma yake ya kwanza alitengeneza programu nzuri ajabu. Mhudumu wa pampu akiona imeharibika, anajaza fomu kwenye simu, na ofisini alama nyekundu inatokea kwenye ramani. Wahudumu walikusanywa, wakafunzwa, wakapigwa picha, wakapewa soda. Miezi mitatu ikapita, hakuna alama nyekundu hata moja. Ofisi ikafurahi, kwani ilionekana pampu zote ni nzima.

Dada hakuamini. Alipanda lori hadi Merti. Alikuta pampu mbili zimekufa kitambo na akina mama wanachota maji kwenye mchanga wa Waso. Aliuliza kwa nini hakuna aliyetuma habari. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Simu ya mhudumu mmoja huchajiwa dukani, na duka lenyewe hufunguliwa siku ambayo mwenyewe yupo. Tena wahudumu walikuwa wametoa habari siku ile ile, kwa njia yao: walimwambia mzee wa malisho, mzee akamwambia chifu. Kwa hivyo habari ilikuwepo, ila haikupita kwenye programu.

Alinieleza jioni moja akioshewa miguu yenye vumbi. "Mdogo wangu," akasema, "kule kampuni nikikosea, mteja anaondoka na pesa zinapungua siku hiyo hiyo. Bosi ananiita kabla ya chai ya saa nne. Huku nikikosea, mtu wa Merti ananyamaza, na mfadhili aliye mbali anaona kimya anadhani ni mafanikio." Mnakumbuka nilisema anayelipa si yule anayehudumiwa? Ndiyo maana yake hiyo. Ripoti ya mradi ingeandikwa vizuri kabisa: programu imekamilika, wahudumu wamefunzwa, picha hizi hapa. Isingekuwa na uongo hata mmoja.

Basi akaitupa ile fomu. Sasa mhudumu anatuma arafa yenye jina la kisima na tarakimu moja: 1 maji yanatoka, 2 pampu imeharibika, 3 kisima kimekauka. Maelezo yameandikwa kwa Kiswahili na Kiborana. Asiyetuma kwa wiki moja anapigiwa simu, na simu yake ikizimwa anapigiwa mzee. Ni programu ndogo ambayo hata wenzake wa Nairobi wangeicheka. Jambo hili wazee wetu walishalijua. Miaka ya 2010 watu wa ramani walipokuja katika kaunti hii na picha zilizopigwa kutoka angani, wazee wa dedha, wale wanaosimamia malisho na maji kwa desturi ya Waborana, waliketi nao kuonyesha visima, njia za mifugo na malisho ya kiangazi. Fundi alijua kubofya. Mzee alijua maji yapi ni ya chumvi na nani ana haki ya kunywesha wa kwanza.

Nilimuuliza dada kama basi mimi nikimaliza shule niende moja kwa moja kwenye mashirika. Alikataa kabisa. Alisema miaka minne ya kampuni ndiyo iliyomfundisha kuandika programu isiyoanguka watu wengi wakiitumia kwa pamoja, kufika kwa wakati, na kukosolewa bila kulia. "Kwanza ujue kazi," akasema. "Watu wa Merti hawahitaji mwanafunzi wa kujifunzia kwao." Sikupenda jibu hilo, kwa maana huruma ni rahisi kupata kuliko hisabati.

Tena kuna suala la mkataba, ambalo vitabu vya ushauri wa kazi hawalitaji sana. Katika shirika kazi hufuata mradi, na mradi una mwisho. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Mashirika mengi hapa nchini yalipunguza wafanyakazi. Mfadhili wa akina dada ni mwingine, kwa hivyo hawakuguswa siku ile, lakini wote waliokosa pesa sasa wanabisha hodi kwa wafadhili wale wale wachache. Mkataba wake unaisha Desemba. Kama utaongezwa au hautaongezwa, barua haijaja. Mama anauliza kila jioni, "Imekuja?"

Yule yule Mama, lakini, nimemwona. Ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, alikuwa akikaa kituoni tangu alfajiri bila kujua kama mitungi itakuja au la. Siku hizi usiku anamwambia dada, kwa sauti ya mtu asiyejali, "Kisima cha kule juu ni moja au ni mbili?" Dada anaangalia simu, anajibu. Mama anajua wachungaji wamepeleka ngamia upande gani, na atarajie mitungi mingapi kesho. Ukimuuliza kama sasa anaikubali ile kazi atakuambia yeye aliuliza tu.

Na yule mama jirani amerudi kituoni. Deni nani alililipa sijaambiwa.

Zoezi

Haya, wanachama, kalamu mkononi. Nyambua kitenzi toa katika kauli ya kutendea, kutendana na kutendeka, kisha ueleze tofauti ya maana kati ya kujitoa na kujitolea. Taja maneno manne yenye mzizi mmoja na ushahidi na uyatungie sentensi. Mwisho, jifanye wewe ndiwe dada: andika barua rasmi ya kuacha kazi katika kampuni, isiyozidi ukurasa mmoja, kisha andika barua ya kirafiki kwa mdogo wako aliye bwenini, umweleze habari hiyo hiyo. Barua ya pili ndiyo ngumu. Majibu mpe katibu wa chama kabla ya kufunga muhula.